Moraa wa Ng'iti: Maisha ya Mwaguzi wa Gusii na Uponaji wa Jamii Baada ya Maafa ya 1908

Utangulizi

Katika nyanda za juu za Gusii, ni nadra jina la Moraa wa Ng'iti kutajwa bila kutajwa mkuki. Mkuki huo ni ule ambao Otenyo Nyamaterere alimchoma nao ofisa wa serikali ya kikoloni mnamo Januari 1908, na Moraa anakumbukwa kuwa ndiye aliyeutia mkono ule ujasiri. Masimulizi mengi huishia hapo, au husonga kidogo hadi kwenye kifo cha Otenyo, kisha msimulizi akanyamaza. Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha ya mwanamke huyo kwa mapana zaidi: alikuwa nani, aliishi katika mazingira gani, alitenda nini, na jamii yake iliinukaje baada ya maafa yaliyofuatia kitendo kile.

Hoja yetu ya msingi ni kwamba Abagusii waliinuka baada ya 1908 kwa sababu waligawana hasara badala ya kumtafuta mmoja wao wa kubebeshwa lawama. Aidha, tunashikilia kwamba nafasi aliyopewa Moraa katika kumbukumbu ya watu ni sehemu ya uponaji huo, wala si pambo tu la historia.

Ikumbukwe kwamba Moraa hakuacha maandishi. Maisha yake yanajulikana kwa njia mbili: fasihi simulizi ya Abagusii, na kumbukumbu za serikali ya kikoloni ambazo zinawazungumzia zaidi askari na maofisa kuliko wenyeji. Pale ambapo makala haya yanategemea masimulizi, msomaji ataelezwa hivyo.

Mwandishi ni mzaliwa wa Nyacheki, katika eneo la Bobasi, upande wa kusini mashariki wa Gusii. Moraa aliishi Kitutu, upande wa kaskazini. Tofauti hiyo si jambo dogo. Abagusii wa karne ya 19 hawakuwa na mtawala mmoja. Waligawika katika makundi makubwa ya koo, yaani Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bomachoge, Bonchari na Mugirango, na makundi hayo yaliwahi kugombana yenyewe kwa yenyewe. Kwamba habari za mwanamke wa Kitutu husimuliwa leo na magokoro, yaani akina nyanya, wa Nyacheki kana kwamba ni za nyumbani kwao, ni dalili ya kwanza ya jambo tunalotaka kulieleza.

Mazingira aliyokulia

Kwa Ekegusii, Moraa huitwa Moraa Moka Ng'iti, maana yake Moraa mke wa Ng'iti. Kufikia mwaka 1908 alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwisha kupita, kwa hiyo ujana na utu uzima wake ulikuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Hicho kilikuwa kipindi cha misukosuko mingi. Vijana wa kiume walilala katika kambi za mifugo zilizoitwa ebisarate, wakiwa na mikuki na ngao, kuwalinda ng'ombe dhidi ya wavamizi kutoka jamii jirani. Mnamo mwaka 1892 hivi, Abagusii walipambana na Wakipsigis katika vita vinavyojulikana kama vita vya Saosao, na wakashinda. Katika muongo huohuo wa 1890, ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe kote Afrika Mashariki, na nao ndui na nzige wakawa na sehemu yao katika dhiki za wakati huo.

Ng'ombe hawakuwa mali ya kawaida kwa Abagusii. Ng'ombe aliyetolewa mahari kwa ajili ya binti ndiye aliyemwezesha kaka ya binti huyo kuoa. Kwa hiyo boma likiisha ng'ombe, hasara haikuwa ya maziwa na nyama peke yake. Ndoa zilikwama, na ndoa zikikwama, nyumba hazijengwi na majina ya wazee waliofariki hayapati watoto wa kuyarithi. Jambo hili litatusaidia kuelewa uzito wa yaliyotokea baadaye.

Katika mazingira hayo Moraa alikuwa omoragori, yaani mwaguzi, na pia mjuzi wa dawa. Kazi ya uaguzi katika Gusii ilikuwa hasa ya wanawake. Kwa hakika ilikuwa kazi ya maafa. Mtu hakwenda kwa mwaguzi siku ya neema. Alikwenda mtoto alipofariki ghafla, ng'ombe walipokufa mfululizo, au mke alipokosa kushika mimba. Mwaguzi alitafuta chanzo cha balaa, na mara nyingi chanzo hicho kilikuwa ebirecha, mizimu ya jamaa iliyosahauliwa au kukosewa. Baada ya chanzo kutajwa, tiba ilitajwa pia: sadaka ya mbuzi au kuku, na jamaa kukusanyika. Jambo la kuzingatia ni kwamba tiba hiyo iliwaleta watu pamoja. Aliyepatwa na balaa hakuachwa aliugulie peke yake, kwa kuwa sadaka haikamiliki bila ndugu na majirani.

Kitutu ilikuwa pia nyumbani kwa Sakawa, mtabiri mashuhuri aliyefariki mwaka 1902 hivi. Masimulizi yanamhesabu kuwa ndiye aliyebashiri kuja kwa wageni weupe na kujengwa kwa mji mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Moraa alirithi ulimwengu ambao ulikwisha kuonywa. Hata hivyo, kuonywa si sawa na kuwa tayari.

Balaa lisilokuwa na mzimu

Mwaka 1905 serikali ya Waingereza ilituma kikosi cha askari wa KAR hadi Kitutu. Abagusii walikabiliana nacho kwa mikuki, nacho kikawajibu kwa bunduki ya rashasha. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa muda mfupi mno. Kwa jamii ambayo vita vyake vilihesabu waliokufa mmoja mmoja, kwa majina na kwa koo, idadi hiyo ilikuwa jambo lisilo na kifani.

Mwaka 1907 G. A. S. Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti, alifungua kituo cha serikali pale Getembe. Pamoja na kituo kikaja kodi ya kibanda, amri za kufanya kazi, na faini za ng'ombe kwa wasiotii. Koo ambazo hazikuwahi kuwa na mtawala mmoja zikajikuta zinapokea amri kutoka kwa mtu mmoja.

Ni hapa ambapo fikra ya Moraa inajitokeza. Mwaguzi alizoea kukitafuta chanzo cha balaa ndani ya jamii: nani amekosea, mzimu gani umesahauliwa. Balaa la 1905 halikuwa na mzimu wa kutulizwa, wala mbuzi wa kuchinjwa. Kwa mujibu wa masimulizi, Moraa alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusema waziwazi kwamba chanzo kilikuwa nje, kwamba kilikuwa na jina, na kwamba kilikuwa kimejenga pale Getembe. Inasimuliwa kwamba aliwasuta wapiganaji kwa woga wao, akawataka wawaachie wanawake mikuki ikiwa wao hawawezi kuitumia. Suto la namna hiyo, likitoka kwa mwanamke mzee, lilikuwa aibu isiyostahimilika.

Otenyo Nyamaterere alikuwa mmoja wa waliolisikia. Wapo wanaomwita mwana wa kulea wa Moraa na wapo wanaomwita mpwawe. Masimulizi yote yanakubaliana kuwa alikuwa mtu wa karibu naye, na kwamba Moraa alimpa dawa za kumkinga. Mnamo Januari 1908, Northcote alipokuwa safarini Kitutu, Otenyo alimvizia akamchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na utumishi wake hadi akawa gavana wa Hong Kong katika miaka ya 1930.

Maafa ya 1908

Kikosi kilichotumwa kulipiza kisasi hakikumtafuta Otenyo peke yake. Nyumba zilichomwa, vyakula vikateketezwa, na ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Kufikia mwanzoni mwa Februari, taarifa zilizofika London zilieleza kwamba Abagusii 160 walikuwa wamekwisha kuuawa, na mauaji yalikuwa yakiendelea. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni na alikuwa amezuru Afrika Mashariki miezi michache tu kabla, alionyesha kuchukizwa na kiwango cha mauaji hayo ya watu wasio na uwezo wa kujihami. Kuchukizwa kwake hakukumrudishia mtu yeyote wa Kitutu nyumba wala ng'ombe.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Masimulizi yanaeleza kwamba alipigwa risasi hadharani pale Getembe, na kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Madai ya kutaka fuvu lake lirejeshwe yameendelea kutolewa hadi karne hii ya 21. Kwa jamii inayomzika mtu wake katika ardhi ya nyumbani kwao, mwili usio kamili ni msiba usiofungwa.

Moraa hakuuawa. Aliishi na kuyaona majivu. Hapa ndipo swali gumu linapozuka, nalo linastahili kuulizwa bila kificho: Je, Moraa ndiye aliyewaletea watu wake maafa? Kama Otenyo asingechochewa, huenda nyumba zile zisingechomwa mwezi ule. Yawezekana kabisa kwamba wapo waliomnung'unikia, hasa wale walioona ni heri kutii na kuishi. Hata hivyo, mtazamo huo unasahau kwamba mauaji ya 1905 yalitangulia mkuki kwa zaidi ya miaka miwili. Anayeanza kuhesabu maafa kuanzia siku ya mkuki anaihesabu historia kwa saa ya Getembe.

Jinsi jamii ilivyoinuka

Uponaji wa Abagusii haukuanzia kwenye ofisi. Ulianzia kwenye asasi walizokuwa nazo tangu zamani, ambazo ziliundwa kwa ajili ya dhiki ndogondogo na sasa zikatakiwa kubeba dhiki kubwa. Tutataja tatu.

Ya kwanza ni risaga, yaani majirani kukusanyika katika shamba au ujenzi wa mmoja wao, naye akawapa chakula na pombe ya wimbi. Sambamba nayo ni egesangio, kikundi kidogo cha zamu ambapo leo wanalima kwako na kesho kwa mwingine. Nyumba ya udongo na nyasi huungua kwa dakika chache, lakini huweza kusimama tena kwa muda mfupi iwapo mikono ni mingi. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba haukumtaka aliyepoteza aombe kwa unyonge. Alipokea kwa zamu yake, akijua kwamba zamu ya mwenzake ingefika.

Ya pili ni mtawanyiko wa ng'ombe. Ilikuwa desturi mtu kutowaweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine waliwekwa kwa jamaa na marafiki wa mbali, ambao walifaidi maziwa huku wakiwatunza. Desturi hii ilikuwa kinga dhidi ya magonjwa na wavamizi. Boma lililoswagwa halikuwa na maana kwamba mwenyewe hana hata ndama mmoja popote pale.

Ya tatu ni ndoa. Abagusii huoa nje ya ukoo, na kwa sababu hiyo kila boma la Kitutu lilikuwa na wajomba, wakwe na shemeji katika koo nyingine. Mwanamke aliyeolewa ndiye aliyekuwa daraja. Chakula, mbegu na hifadhi ya watoto vilipita katika njia zilizofunguliwa na mabinti na akina mama. Ndiyo maana historia ya 1908 ikisimuliwa kwa mikuki pekee, nusu yake hupotea. Mkuki uliisha kazi siku moja, ilhali kazi ya wanawake ilidumu misimu.

Hata hivyo, haifai kuupamba uponaji huo kupita kiasi. Kabla watu hawajasimama sawasawa, balaa jingine lilifuata. Kambi za mifugo, ebisarate, zilipigwa marufuku na serikali miaka michache baada ya vita, na vijana wakakosa mahali pao. Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana pale Kisii. Watu waliona ngome ikiwa wazi, wakaivamia na kupora ofisi, maduka na vituo vya misheni, na kwa hilo wakaadhibiwa tena. Kisha wakaja wasajili wa wapagazi wa vita, ambao wengi wao hawakurudi. Katika miaka hiyohiyo imani ya Mumbo, iliyotoka upande wa Waluo, ilienea Gusii ikiahidi kwamba wageni wangeondoka na kwamba neema ingerudi. Wapo waliotazamia hata kurudi kwa Sakawa. Serikali iliwahamisha viongozi wa imani hiyo hadi Pwani. Watu wengine walichagua njia za misheni na shule, na kuanzia miaka ya 1920 vijana wengi walitafuta mishahara katika mashamba ya chai ya Kericho. Njia hizi zilikinzana, lakini zote zilikuwa majibu kwa swali moja alilolitaja Moraa: tufanye nini na balaa ambalo chanzo chake si sisi?

Moraa katika jicho la fasihi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, masimulizi ya Moraa ni mighani, na yanafaa kulinganishwa na mighani tunazofundishwa darasani. Fumo Liyongo wa Pwani aliuawa na mwanawe wa kumzaa. Lwanda Magere, wa majirani zetu Waluo, aliangamia baada ya mke wake aliyetoka kwa maadui kuijua siri ya kivuli chake. Katika zote mbili, anguko la shujaa linatoka nyumbani, na jamii inabaki na wa kumlaumu. Mighani ya Moraa haina msaliti wa aina hiyo. Mwanamke wa karibu na shujaa ndiye anayempa nguvu, na anguko linatokana na silaha za nje. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kiini cha tofauti. Jamii iliyokuwa na sababu zote za kutunga hadithi ya lawama ilichagua kutoitunga.

Jina lenyewe ni ushahidi mwingine. Moraa ni miongoni mwa majina ya kike yanayosikika sana Gusii hadi leo, Nyacheki ikiwemo. Ni kweli kwamba majina hurithishwa kutoka kwa jamaa waliofariki, na si kila Moraa amepewa jina hilo kwa ajili ya mwaguzi wa Kitutu. Lakini jina lenye mkosi huepukwa, na hili halikuepukwa.

Kuna sadfa ya kihistoria inayostahili kutajwa hapa. Mwaka 1913 serikali ilimhamisha Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawafunga Kisii, mbali kabisa na bahari. Mwaka uliofuata walitoroka, wakarudi kwa miguu hadi Pwani. Mekatilili alipata kuingia katika maandishi ya Kiswahili, akawa mali ya Wakenya wote. Moraa, aliyeishi karibu na gereza lilelile, amebaki kwa kiasi kikubwa katika Ekegusii. Pengo hilo ni jukumu letu. Lugha ya taifa haiwezi kuwa ghala ya kumbukumbu za Pwani pekee.

Miaka mia moja baadaye

Januari 2008, miaka 100 kamili baada ya mkuki wa Otenyo, Gusii ilikumbwa na maafa mengine. Kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Abagusii wengi walifukuzwa Bonde la Ufa, na soko la Chepilat, kwenye mpaka wa Gusii na Wakipsigis, likateketezwa. Wengi wa waliokimbilia Gusii hawakuishi kambini. Walipokewa na ndugu, wajomba na wakwe, na hivyo wakatawanyika vijijini, kutoka Borabu hadi Bobasi. Njia zilezile za 1908 zilifunguka.

Lakini tofauti ilionekana pia. Mwaka 1908 ardhi ilikuwepo, na mikono ya risaga iliweza kufungua shamba jipya. Mwaka 2008 mashamba ya Gusii yalikuwa yamekatwakatwa hadi vipande vidogo, na aliyempokea ndugu na watoto sita alikuwa anagawa kile ambacho hakikumtosha yeye mwenyewe. Aidha, kwa kuwa waliopokewa nyumbani hawakuonekana kambini, kulikuwa na malalamiko mengi kwamba walisahauliwa misaada na fidia zilipotolewa. Ukarimu wa jamaa uligeuka kuwa kisingizio cha serikali kutowajibika. Haya ni mafunzo yasiyopatikana kwa kusifu umoja tu. Kugawana hasara huokoa, lakini kuna gharama, na gharama hiyo huwaangukia zaidi akina mama wenye sufuria moja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuyaeleza maisha ya Moraa wa Ng'iti kama maisha ya mtu aliyefanya kazi ya maafa: kwanza akiwa mwaguzi wa balaa za nyumbani, kisha akiwa sauti ya jamii mbele ya balaa la kigeni, na hatimaye akiwa kumbukumbu iliyowasaidia watu wasigeukiane. Tumeonyesha kwamba Abagusii hawakuponywa na ushindi, kwa kuwa hawakushinda. Waliponywa na mikono ya risaga, ng'ombe waliokuwa kwa rafiki wa mbali, binti aliyeolewa ukoo mwingine, na hadithi isiyomtupa mtu.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu wayakusanye masimulizi ya Moraa kutoka kwa koo zote za Gusii, si Kitutu pekee, na kuyaandika kwa Kiswahili pamoja na Ekegusii. Wakusanyaji wasiishie kwenye mkuki. Wawaulize magokoro yaliyofuata: nani alimpa nani mbegu, nani alilala kwa nani, na ng'ombe wa kwanza alitoka wapi. Wanaoyajua majibu hayo wanapungua kila mwaka.